Ndewe iliyochanika haizibwi, inakatwa kwanza

Video fupi za kuunga ndewe zilizochanika zimezagaa mitandaoni, na zote zinafanana. Sikio lenye mpasuko linasogezwa karibu na kamera, mkono uliovaa glovu unapaka kitu kwa ncha ya kijiti, plasta nyembamba inabana pande mbili, kisha inakuja picha ya pili ambapo ndewe ni nzima, nyororo, utadhani haijawahi kutobolewa. Bidhaa zinabadilika, mara gundi, mara jeli, mara "maji ya kuziba tundu", lakini ahadi ni moja: bila kisu, bila sindano, bila uzi. Chini yake watu wanabishana. Kuna wanaoshangilia kwamba hatimaye upasuaji umepata mbadala, na kuna wanaosema yote ni utapeli. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zinagombania kisu wakati jambo lenyewe liko kwingine. Tundu la zamani lina ngozi iliyoota ndani yake, na ngozi hiyo isipoondolewa hakuna kitakachoungana, hata ukishona kwa uzi wa dhahabu. Ikiondolewa vizuri, kinachobaki ni ushonaji. Na kwa kuwa ndewe ni ndogo, kila jaribio linaloshindwa hula nyama ambayo jaribio la pili lingeihitaji. Mambo hayo mawili, bitana ya ngozi (yaani ile ngozi iliyoota ndani ya tundu) na akiba ya nyama, ndiyo yanayopaswa kuamua nani afanye nini, na video haionyeshi hata moja.

Tuanze na ndewe yenyewe. Sehemu ya juu ya sikio inasimama kwa sababu ya gegedu. Ndewe haina gegedu. Ni ngozi mbele, ngozi nyuma, na katikati mafuta yaliyoshikiliwa na nyuzinyuzi. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita mbili, unene ni milimita chache tu. Damu inafika kwa wingi kupitia matawi ya mishipa inayopita mbele na nyuma ya sikio, ndiyo maana majeraha ya hapo hupona haraka. Udhaifu wake ni kukosa kitu kigumu cha kubeba uzito. Hereni yenye waya mwembamba inaning'inia kwenye ngozi na mafuta, na waya huo hukata ndewe kama uzi unavyokata mche wa sabuni, polepole, kwa kukaa pale pale ukivuta chini. Umri unaongezea, kwa kuwa ngozi hupoteza uwezo wa kunyumbuka na mafuta ya ndewe hupungua. Mzio wa nikeli nao una mchango ambao watu hawauhesabu: ngozi inayowasha na kuvimba kila hereni inapovaliwa hulainika na kuachia upesi. Halafu kuna ajali za kawaida, mtoto mchanga anayeshika kinachong'aa, kitana kinachonasa, fulana inayovuliwa kichwani kwa haraka. Na kuna kosa la siku ya kwanza kabisa, tundu kutobolewa karibu mno na ukingo wa chini, ambalo huanza kulipwa miaka mingi baadaye.

Dhana potofu ninayoizungumzia ina chanzo kinachoeleweka. Mtu ambaye hereni yake imevutwa leo na ndewe ikachanika hadi chini ana kidonda kibichi. Kingo zote mbili zinatoa damu, na daktari akiosha vizuri, akahakikisha chanjo ya pepopunda iko sawa, anaweza kuzikutanisha na kuzishona siku hiyo hiyo. Hata hapo, sehemu ya juu lilipokuwa tundu la zamani inahitaji kupunguzwa, kwa sababu ilishakuwa na ngozi yake tayari. Walioshuhudia kazi ya namna hiyo hukariri kwamba ndewe ikibanwa inaungana. Lakini kidonda hicho kikiachwa wiki moja au mbili, kila ukingo hujifunika ngozi mpya, na kuanzia hapo hakuna tena kidonda. Kuna mikia miwili iliyopona kila mmoja kivyake. Ngozi haiungani na ngozi. Ingekuwa inaungana, tungeamka asubuhi vidole vimeshikana na midomo haifunguki. Kinachoungana ni kidonda na kidonda. Methali inatuhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta; kwenye ndewe, ufa unaozibwa bila kukwanguliwa kwanza hufunguka ule ule, na mara nyingi mpana zaidi.

Mipasuko nayo haifanani, na hili linapotea kabisa kwenye matangazo. Kuna tundu lililorefuka tu, lenye umbo la tundu la kifungo, na chini yake bado kuna nyama ya kutosha. Kuna lililoshuka hadi ukabaki utepe mwembamba wa ngozi, milimita moja au mbili, kabla ya ukingo. Kuna mpasuko kamili. Na kuna ndewe iliyotanuliwa kwa makusudi kwa plagi au taneli, vile vipande vinene vinavyovaliwa ndani ya tundu ili lipanuke, ikabaki kitanzi. Madaktari wana njia zao za kuyapanga haya kwa madaraja, lakini kwa mgonjwa kipimo chenye manufaa ni kiasi kilichobaki chini ya tundu. Aliyebaki na milimita nne au tano anaweza kuondolewa tundu peke yake, kwa mkato wa umbo la yai unaopita kutoka mbele hadi nyuma, bila kugusa ukingo, na umbo la ndewe likabaki lilivyo. Aliyebaki na utepe mwembamba mara nyingi hukatwa utepe huo, mpasuko ukafanywa kamili, kisha ukashonwa wote. Wengi hushtuka wakiambiwa daktari atamalizia kuchana kilichobaki. Hesabu yake ni sahihi: utepe wa namna hiyo hauna nguvu wala damu ya kutosha, na ukiachwa ndio utakaokuwa mahali pa kuchanika tena.

Upasuaji wenyewe ni mfupi, kama nusu saa kwa sikio moja lenye mpasuko wa kawaida, na mgonjwa yuko macho. Alama za kalamu huchorwa kabla ya ganzi, mgonjwa akiwa ameketi, kwa sababu mtu akilala ndewe hubadilika mkao, na ganzi yenyewe huivimbisha hadi mistari ikapoteza maana. Kisha huchomwa mililita moja au mbili za lidokaini ya asilimia 1, mara nyingi ikiwa na adrenalini kidogo, 1 kwa 100,000, ili kupunguza damu. Sindano hiyo ndiyo maumivu pekee ya maana. Inachoma kwa sekunde kadhaa kwa kuwa dawa ina uchachu, na anayeichoma polepole anampunguzia mtu sehemu kubwa ya adha. Baada ya hapo kazi iko kwenye ncha ya kisu kidogo, namba 15 au 11, na koleo jembamba. Ukingo unashikwa, kisu kinapita kama milimita moja ndani ya mstari wa ngozi ya zamani, na bitana inatoka kama ganda. Ukiitazama kwa karibu tofauti inaonekana kwa macho: bitana inang'aa na ni laini, iliyo chini yake ni nyeupe isiyong'aa, yenye vitone vya damu. Popote panapong'aa bado hapajaisha. Kipande kikisahaulika, hasa kwenye kona ya juu ya mpasuko, kinafunikwa na mshono na kuendelea kuzalisha ngozi humo ndani, na baada ya miezi mgonjwa anarudi na uvimbe mgumu wenye uji mweupe mzito unaonuka. Uvimbe huo watu huuita uchafu wa hospitali. Hausababishwi na uchafu. Ni bitana iliyozikwa.

Kushona kunaanzia chini. Uzi wa kwanza huwekwa kwenye ukingo, mahali pande mbili zinapokutana kufanya pindo la ndewe, kwa sababu kosa la nusu milimita pale linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, ilhali kosa kama hilo katikati halionekani kabisa. Uzi mmoja unaoyeyuka, wa ukubwa wa 5-0 (6-0 ni mwembamba zaidi), huwekwa ndani kubeba mvuto, kisha ngozi ya mbele inafungwa kwa nailoni ya 6-0 na ya nyuma kwa 5-0 au uzi unaoyeyuka. Mafundo hayakazwi sana, kwa kuwa ndewe itavimba kesho yake na uzi uliokazwa leo utakata ngozi kesho. Pale kwenye pindo, mshonaji anayejua kazi yake huziinua kingo mbili kidogo kuelekea nje, zisimame kama mgongo mdogo. Kovu lolote hujikunja linapokomaa, na kovu la mstari ulionyooka hujikunja kwa urefu wake. Likifika kwenye ukingo linauvuta juu na kuacha pengo dogo, kama lililong'atwa na panya. Mgongo ule ulioinuliwa unaliwa na mvuto huo, na baada ya miezi pindo linabaki limenyooka. Maana yake ni kwamba mshono mzuri huonekana wa ovyo wiki ya kwanza. Ndewe iliyo bapa na nyororo kabisa siku ya kupigwa picha inaweza kuwa ndiyo itakayokuwa na pengo mwakani. Msomaji aikumbuke hoja hii anapotazama zile picha mbili za video.

Kuhusu pengo hilo, wenyewe kwa wenyewe madaktari hawajakubaliana. Wapo wanaoshona mstari ulionyooka kila mara na kutegemea kuinua kingo tu. Wapo wanaovunja mstari kwa mkato wa herufi Z karibu na pindo: vipande viwili vya pembetatu vinabadilishana nafasi, na mstari unakuwa mrefu zaidi kuliko ulivyokuwa. Kwa pembe za nyuzi 60, nadharia inasema urefu unaongezeka kwa asilimia 75 hivi, ingawa kwenye ngozi halisi hupungua. Wengine hukata ngazi ya herufi L, upande mmoja ukalalia mwingine. Hoja ya walio upande wa Z ni ya kimantiki na nzuri. Hoja ya upande wa mstari ni kwamba ndewe ni ndogo, vipande vya pembetatu vya milimita tatu havina damu ya uhakika, na kila kona ni nafasi nyingine ya kukosea. Kwa mpasuko kamili kwenye ndewe nene ningechagua Z ndogo. Kwa ndewe nyembamba ya mtu mzee, mstari ulioinuliwa vizuri unatosha. Mgonjwa hapotezi chochote kwa kuuliza, na jibu lenye sababu lina thamani kuliko jina la mbinu.

Ndewe zilizotanuliwa zinaonyesha waziwazi kwamba kubana na kuziba ni ndoto. Taneli la milimita 20 linaacha tundu lenye mzingo wa ndani wa karibu milimita 63, na mzingo wote huo una bitana. Ngozi imekuwa ndefu mno na nyembamba mno. Ukiikata bitana na kuzivuta pande mbili zikutane, unapata ulimi unaoning'inia wenye kona zilizojikunja juu na chini. Kwa hiyo njia inayotumika sana ni kukikata kitanzi upande mmoja, kuondoa bitana yote, kupunguza mkia uliozidi, halafu kuuviringisha unaobaki kuelekea juu ujaze nafasi iliyo wazi na kuushona kwenye ngozi iliyotayarishwa. Hapo daktari anachonga umbo, kwa saa nzima au zaidi kila sikio, na kosa kubwa ni tamaa ya kubakiza nyama nyingi au woga wa kuikata. Wanaotaka kurudi nyuma huambiwa watoe plagi miezi miwili au mitatu kabla, ili ngozi inywee kadiri itakavyoweza. Waliotanua polepole, milimita moja moja na kupumzika wiki kadhaa kila hatua, na wakaishia chini ya milimita 8 au 10, wengine hukuta tundu limerudi kiasi cha kuvaa hereni ya kawaida bila upasuaji wowote. Waliorukaruka vipimo hadi bitana ikasukumwa nje kwa nyuma, ikafanya kile kipete cha nyama, hawana bahati hiyo.

Sasa tuwasikilize wanaotetea njia za bila kisu, kwa kuanzia na hoja yao nzito. Asidi ya trikloroasetiki, ile inayotumiwa na madaktari wa ngozi kuunguza chunjua na kutibu makovu ya chunusi, ikitiwa ndani ya tundu kwa ukali wa asilimia 90 hivi inaunguza bitana. Pande mbili zinageuka nyeupe, zinabanwa kwa plasta, na jambo hilo linarudiwa kila baada ya wiki kadhaa hadi tundu lifunge. Madaktari wamewahi kuchapisha matokeo mazuri ya njia hii kwa matundu yaliyorefuka ambayo hayajafika ukingoni. Kwa hiyo anayesema haiwezekani bila kisu anakosea. Lakini angalieni kwa nini inafanya kazi: asidi imeiondoa bitana, yaani imefanya kile kile ambacho kisu kingefanya. Tofauti ni kwamba kisu kinaishia pale mkono unapotaka, na asidi inaishia pale inapotaka. Ikizidi, inakula ngozi ya mbele na kuacha alama nyeupe au nyeusi, ambayo kwenye ngozi nyeusi inaweza kukaa miezi au isitoke kabisa. Ikipungua, inaacha bitana nusu, na tundu linafungwa juu huku ndani likiwa wazi. Haiwezi kurekebisha umbo, haiwezi kuunga mpasuko kamili, na tone lake jichoni ni msiba. Ni chombo halali mikononi mwa daktari wa ngozi anayechagua mgonjwa wake. Chupa ile ile ikinunuliwa mtandaoni na kupakwa kwa kijiti cha meno mbele ya kioo, imekuwa kitu kingine.

Hoja ya pili ni ya sindano za kujaza, asidi ya haialuroni. Sehemu ndogo ya mililita moja inaifanya ndewe iliyosinyaa inenepe, hereni inasimama badala ya kulala kifudifudi, na tundu lililorefuka kidogo linaonekana fupi. Hii ni kweli, hudumu miezi kadhaa hadi mwaka, na ina dawa ya kuiyeyusha mambo yakienda mrama, ikiwemo hatari ile adimu ya kuziba mshipa wa damu. Ila haifungi tundu, inalificha. Anayeelezwa hivyo na akakubali hajatapeliwa. Wako pia wanaobandika vile vibandiko vya nyuma ya ndewe vinavyosambaza uzito, na kwa tundu lililoanza tu kurefuka ni fedha iliyotumika kwa akili kuliko bidhaa nyingine yoyote katika orodha hii.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya gundi, nayo ndiyo yenye watazamaji wengi. Inasema hivi: madaktari wenyewe hufunga vidonda kwa gundi, basi gundi inaunga ngozi. Nusu ya kwanza ni kweli. Gundi ya kitabibu ya saianoakrileti hutumika kweli, lakini inapakwa juu ya mstari wa kidonda kibichi ambacho kingo zake zimeshakutanishwa, kama gamba la kuzishikilia zikiwa zinaungana chini yake. Haipakwi katikati. Ikiingia katikati inakuwa ukuta: inatenganisha kingo ambazo zingegusana, na mwili huichukulia kama kipande cha takataka cha kusukumwa nje. Kwenye mpasuko wa zamani hali ni mbaya zaidi kwa kuwa hakuna hata kidonda. Gundi imeshika ngozi kavu kwa ngozi kavu, na ngozi hujibandua. Katika siku tano hadi kumi tabaka la juu linabanduka na gundi yake. Hiyo ndiyo sababu picha ya pili kwenye video hupigwa dakika ile ile. Ile gundi ya nyumbani ya kubandika viatu na vikombe inaongeza madhara yake: hutoa joto inapokauka, na kwa baadhi ya watu huleta mzio unaoacha ndewe imevimba, inatoa maji, ikabidi isubiri miezi kabla ya kuguswa na yeyote.

Kambi ya pili, wale wa "yote ni utapeli, nendeni hospitali kubwa mkalazwe", nayo ina lawama. Mtu mzima hahitaji kulazwa wala kulazwa usingizi kwa kazi hii. Ganzi ya mahali inatosha, na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Wanaohitaji usingizi ni watoto wadogo wasioweza kutulia, na hao mara nyingi wanaweza kusubiri wakue. Kulikuza jambo hili kuwa operesheni kubwa ndiko kunakowasukuma watu kwenye gundi. Pia kuna wanaosema ndewe iliyochanika iachwe tu kwa kuwa haiumi wala haiui. Ni kweli kabisa, na anayetaka kuiacha aiache.

Hofu ambayo naiheshimu ni ya keloidi, kovu linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe. Ndewe ni moja ya sehemu ambazo keloidi hupenda, hasa kwa vijana kati ya miaka 10 na 30, kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wenye ndugu waliowahi kuipata. Kovu la kawaida lililovimba hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na hupungua. Keloidi huvuka mipaka, huwasha, na huweza kuanza miezi kadhaa baada ya kila mtu kudhani mambo yamekwisha. Aliyewahi kuipata, hata kifuani au begani, aseme kabla ya kukatwa, kwani mpango wake unabadilika: sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza kovu, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki nne hadi sita, hereni za kubana zinazovaliwa saa nyingi kwa siku kwa miezi, na wakati mwingine mionzi mara tu baada ya upasuaji. Keloidi ikikatwa peke yake bila tiba nyingine, kwa wengi hurudi, mara nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Ila matangazo yanayouza asidi kama njia salama kwa watu wa keloidi yanapotosha vibaya. Keloidi haichagui jeraha. Mkato, kuungua, hata chunusi, vyote vinaweza kuiamsha, na kuunguzwa mara nne kwa asidi ni kujeruhiwa mara nne.

Baada ya mshono, mengi ni ya kawaida: kidonda kiwe kikavu siku moja au mbili, kisha kisafishwe kwa maji na sabuni na kupakwa vaselini nyembamba, spiriti na haidrojeni peroksaidi zikae mbali kwa sababu zinaua pia chembe changa zinazojenga ngozi, nyuzi za mbele zitolewe siku ya saba hivi. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kwani nikotini hubana mishipa ile ile midogo inayolisha kingo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiziache bila kumuuliza aliyemwandikia. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni haraka ya kuvaa hereni. Kidonda cha wiki tatu kina kama sehemu ya tano tu ya nguvu ya ngozi nzima. Kwa miezi mitatu hufika asilimia 80 hivi, na hakiongezeki sana baada ya hapo. Hivyo tundu jipya lisubiri angalau miezi mitatu, na litobolewe pembeni ya kovu kwa milimita tatu au nne, kwenye ngozi ambayo haijawahi kukatwa. Zipo mbinu za kubakiza tundu wakati wa kushona, kwa kukunja kipande kidogo cha ngozi kiwe bitana mpya, na wenye kuzitetea wanasema mgonjwa anaepuka kutobolewa tena. Sioni faida yake inalingana na gharama: tundu linakaa kwenye kichwa cha kovu, mahali dhaifu kuliko pote, likivutwa chini na hereni ile ile iliyoleta shida.

Tukiyaweka haya pamoja, gharama ya njia ya mkato inabidi ihesabiwe upya. Chukua ndewe yenye tundu refu na milimita nne za nyama chini yake. Leo inahitaji mkato mdogo usiogusa pindo. Ikiunguzwa kwa asidi na kushindwa, kovu linaongezeka, kingo zinakuwa ngumu, na daktari wa baadaye lazima akate zaidi ya milimita moja kila upande ili afikie ngozi laini. Ikifunguka tena na kushuka, zile milimita nne zinakuwa mbili, na kazi iliyokuwa ya nusu saa inageuka ya kuchana pindo, kukata Z na kusubiri kuona kama sikio hili litalingana na lile. Bei ya chupa haionyeshi hayo. Ndiyo maana napendekeza picha mbili zitazamwe kwa macho mengine: ya pili iwe ya miezi sita baadaye, kwa mwanga ule ule, ikionyesha ukingo wa chini kutoka upande na nyuma ya ndewe, pamoja na hereni ikiwa imevaliwa. Na mtoa huduma, awe daktari au saluni, aulizwe ataiondoaje ngozi ya ndani ya tundu na zitabaki milimita ngapi baada yake.

Aliyekwisha kupaka gundi au asidi asikimbilie kushona wiki hiyo. Gundi iachwe ibanduke yenyewe, isivutwe, vaselini huilainisha. Wekundu, maji na uvimbe viishe kabisa, usaha ukiwepo utibiwe kwanza, na kovu lipewe miezi mitatu hivi lilainike kabla daktari hajachora alama. Hereni nzito ziwekwe kando muda wote huo, hata kwenye sikio la pili.